Mzunguko wa Nne

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka hata nisipotaka. Ni miaka ile viwanda vya samaki vilipoanza kufunguliwa Mwanza. Nilikuwa napika chai kwenye ofisi moja ya samaki, Pasiansi. Mdogo wangu Masalu alikuwa fundi wa redio palepale, anajaribu mashine ya kupokea ujumbe wa maandishi kutoka kambi za wavuvi visiwani.

Aliniambia sauti ikivuka ziwa inagonga majabali, inarudi, inapandana, na herufi zinavurugika. Kwa hiyo kaseti inaishika sauti, mashine inabahatisha kwanza, inaondoa mwangwi kidogo, halafu inaisikiliza upya ileile; kila kusikiliza ni mzunguko mmoja. Masalu alihesabu makosa ya kila mzunguko, akaandika kwenye daftari. Wa kwanza ni vurugu tupu. Wa nne unasomeka. Wa tano hauongezi kitu.

Mimi sikusoma. Kazi yangu ilikuwa kumwigiza, kidevu juu kama padri: "Subirini mzunguko wa nne, ndugu zangu." Ofisi nzima hoi. Nawe usicheke, sauti yako kama kuku anayetaga, nitakuigiza sasa hivi.

Wiki hiyo mke wa Masalu alikuwa kisiwani kwa mama yake, mimba imetimia. Masalu akaitwa msibani Misungwi. Akaniomba, "Dada, ujumbe ukiingia mwite karani asome. Msizime kabla ya mzunguko wa nne."

Ukaingia saa tatu asubuhi. Karani, yule wa kuongea puani, akachungulia. "Dada, hizi takataka tu." Nikamwigiza Masalu na kidevu chake. Tukacheka mpaka machozi. Nikamwambia karani azime, chai inapoa.

Jioni Masalu akarudi, akairudisha kaseti mwanzo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akanisomea polepole: "Mkeo anatoka damu nyingi. Leteni boti ya injini."

Boti ya injini ya ofisi ilishinda imefungwa pale chini ufukweni, mwanangu. Ilipofika kule, wifi yangu alishafunikwa kanga, yeye na kichanga chake.

Masalu hakunigombeza. Ila tangu hapo hakuniita dada tena. Ananiita kwa jina, kama unavyomwita mpangaji.

Basi usimcheke mtu kwa uangalifu wake kwa sababu tu wewe huoni maana yake. Akikuambia subiri, kaa usubiri, hata ukichoka. Mungu akupe uvumilivu nilioukosa mimi, na nduguzo wakuite dada mpaka uzeeke.