Mimi Nilipewa Golikipa

Juzi kamati ya washabiki wa timu yetu ya Kolwezi ilituita katika ukumbi wa parokia, kule Manika, tutafute njia ya kuwavuta watoto uwanjani. Watoto wa siku hizi, walisema, wanawajua wachezaji wote wa Ulaya mpaka wale wa akiba, lakini timu ya kwao hawajui hata jezi yake ina rangi gani. Mmoja akapendekeza wagawiwe fulana. Mwingine akataka soda na biskuti. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona wanazunguka palepale, nikasimama. Nikawaambia mnapoteza wakati bure: mpeni kila mtoto mchezaji mmoja, kisha mtafuteni mtu mzima mmoja wa kumuuliza jioni ameona nini. Wakacheka. Cheka na wewe ukitaka, lakini ngoja kwanza nikueleze, maana jambo hili sikulisoma popote. Nililelewa nalo.

Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa kampani ya shaba, zile nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na barza yake mbele. Barza ndiyo kibaraza, na kwetu maisha yote yalikuwa pale. Mbabula, jiko la makaa, iliwashwa pale, sombe, majani ya muhogo, ilitwangwa pale, na ikifika saa kumi na mbili jioni king'ora cha kampani kinapolia, ungewaona akina mama wote wanainua vichwa kwa pamoja kuangalia njiani. Mimi nililelewa na nyanya yangu, kambo kama tunavyosema, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Siku ya mposho, yaani siku kampani ilipogawa unga na samaki, kambo alipita mbele ya mstari na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto alifanya kazi kwenye pampu za mgodi. Lile shimo likikaa bila pampu linajaa maji, kwa hiyo pampu hazikujua Jumapili, na Jumapili mchana ilikuwa zamu yake. Mtu huyu aliipenda timu ya kampani kupita kiasi, na bado hakuweza kuiona ikicheza nyumbani. Redio nayo ilitangaza timu kubwa za Lubumbashi tu. Kilichomuumiza zaidi ni sisi watoto. Tulikuwa tunashangilia timu ya Lubumbashi ambayo hatukuwahi kuiona, wakati watoto wa wafanyakazi waliingia bure katika uwanja wetu, kwa mlango mdogo wa nyuma ya goli.

"Batoto ya Kolwezi munalilia timu ya bengine!" alikuwa akitupigia kelele. "Na yenu iko pale, mulango iko wazi!"

Basi Jumapili moja akatutuma twende, akaahidi karanga. Jioni tukarudi, kumi na mmoja tuliojaa vumbi, tukaanza kumsimulia wote kwa mara moja. Hakupata kitu. Wote tulikuwa tumeufuata mpira tu, na kila mmoja aliupandisha kwa njia yake. Jirani akaingia ndani, akatoka na vifuniko vya chupa za bia, kumi na kimoja. Akavipanga sakafuni kama timu inavyosimama. Akasema kuanzia sasa kila mmoja ana mchezaji wake, na atamtazama huyo peke yake tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, hata kama mpira uko mbali. Vifuniko viligawiwa. Mkubwa wetu, kijana mwenye kelele, alinyakua mshambuliaji wa kati. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na msichana, na wa mwisho. Nikabakiziwa golikipa.

Nililia, sitakuficha, nikamwambia jirani, ambaye sote tulimwita tata, yaani baba:

"Gardien hafanyake kitu, tata!"

"Mi na yee kazi yetu ni moja," akaniambia. "Bintu bikiendaka muzuri, hakuna muntu anatuona. Njo maana inaomba muntu wa kumuangalia."

Nikamwangalia. Na nakuambia, hakuna aliyejua mpira katika avenyu yetu, mtaa mzima, kama mimi, maana mtu anayemtazama golikipa anajua hatari kabla haijafika. Wangu alikuwa mrefu, mwembamba, anaongea peke yake muda wote. Mpira ukiwa upande wa pili, aliokota changarawe moja moja kwenye eneo lake na kuzitupa nyuma ya wavu, hapo nilipokaa. Wakibadilishana magoli na mimi nilihama, nikikimbia kuuzunguka uwanja na makobazi mkononi. Jioni, king'ora kikishalia na jirani akishanawa, tulikaa barzani, kila mmoja na kifuniko chake, tukaujenga mchezo upya kipande kwa kipande, kisha jirani akavikusanya tena mfukoni. Jirani alikuwa na sheria moja tu: "Sema bile uliona. Bile haukuona, wacha." Mtu akiongeza chumvi, kifuniko chake kiligeuzwa chali, akanyamaza mpaka Jumapili nyingine. Msimu wa pili hakuna mtoto kati yetu aliyekumbuka Lubumbashi. Tulikuwa wa hapa, mpaka kwenye mifupa.

Kisha mambo ya kampani yakaanza kulegea. Unga ukaja nusu, halafu ukaacha kuja. Bukari ya kambo, ugali wetu, ikawa ya muhogo zaidi kuliko mahindi, na samaki tukamsikia kwa harufu kutoka mbabula ya mwenye bahati. Na watu wakianza kukosa, huwa wanamtafuta wa kumnyooshea kidole. Wakaanza kusema watu wa mkoa wa Kasai ndio wamekula kila kitu, warudi kwao. Jirani yetu alikuwa wa Kasai. Alizaliwa Kolwezi, avenyu mbili kutoka kwetu, na hiyo Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu. Sisi asili yetu ni kaskazini ya Katanga, mkoa huuhuu, kwa hiyo tukaambiwa ndio wenyeji.

Walikuja mchana kweupe, vijana wenye fimbo. Walitoa kitanda, walitoa masufuria, walimtoa jirani na mkewe. Ninakuambia kwa aibu: avenyu nzima hakuna aliyesema neno. Kambo, ambaye sikuwahi kumwona akimwogopa mtu, alifunga dirisha. Alikaa kitini ameshika mikono yake mpaka kelele zikaisha, na siku ile hakupika.

Walipelekwa stesheni pamoja na maelfu ya wengine kungoja treni, na treni haikuwa na haraka. Watatu kati yetu watoto, wa Kasai pia, walikwenda na wazazi wao, tukabaki wanane. Katika timu nako waliondoka wanne. Mmoja alikuwa golikipa wangu.

Jumapili iliyofuata timu ilicheza na watu wa Likasi. Nilikwenda nikakaa mahali pangu nyuma ya goli, nikaona kati ya milingoti amesimama kijana nisiyemjua, mabega madogo, jezi ya yule wangu inamfika magotini. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikamgeuzia mgongo. Dakika zote tisini nilitazama ukuta. Mara tano nilisikia watu wa Likasi wakishangilia, na mara tano nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kesho yake kambo alisonga bukari kubwa, akaweka na sombe, akafunga kwa kitambaa. Hakusema anakwenda wapi. Aliniambia tu nibebe maji. Wenzangu walipoona njia tuliyoshika wakatufuata, na njiani mkubwa wetu akatoa wazo: jirani anateseka, tusimpelekee habari ya tano bila. Tumwambie tulishinda mbili bila. Wote wakakubali, na aliyekubali haraka kuliko wote ni mimi, maana sikuwa nimeona chochote.

Stesheni ilikuwa mji mwingine. Mabati, mahema ya plastiki, moshi, watoto wanakohoa, watu wanalala juu ya masanduku yao. Mlangoni kijana mmoja akanyoosha fimbo mbele ya kambo.

"Mama, huku hakuna njia."

"Mi naleta chakula," kambo akasema. "Kama unapenda kunipiga, unipige mbio, bukari inapoa."

Kijana akashusha fimbo.

Jirani alikuwa amekonda, ndevu zimemwota, na mkewe amelala pembeni na homa. Alipotuona hakuuliza nyumba yake, hakuuliza nani anakaa ndani. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa vifuniko kumi na kimoja, akavipanga juu ya saruji. Wale wenzetu watatu wakaja mbio, wakajibana kati yetu, na watu waliokuwa karibu wakasogea. Hapo wiki nzima walikuwa hawajasikia habari yoyote isipokuwa mbaya.

"Haya," akasema. "Mupira ilianza kwa nani?"

Tukaanza kudanganya. Mkubwa wetu akasema mtu wake alifunga goli la kwanza kwa kichwa. Wa winga ya kushoto akasema hapana, la kwanza alilifunga wake, kutoka mbali. Wa beki akaona asibaki nyuma, naye wake akapanda na mpira peke yake mpaka golini. Tulikuwa tumepatana matokeo tu, mchezo wenyewe hatukuupatana. Jirani alisogeza vifuniko huku na huku, haraka, haraka zaidi, kisha akasimama.

"Ngojeni. Mu kiwanja mulikuwa mipira ngapi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na watu waliotuzunguka wakacheka, na mkewe akainua kichwa kutoka kwenye mto akacheka na yeye. Kambo aligeuka kando, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Sasa mulete ile ya kweli," akasema.

Tukaileta. Tano bila. Wenzangu wakaeleza mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, na waliopoteza wachezaji wao wakasema kila mmoja, "Wangu hakuwepo". Jirani alivitoa vile vifuniko vinne akaviweka kando. Kisha akanigeukia.

"Na gardien?"

"Wangu hakuwepo, tata."

"Ule mwenye alisimama pale?"

"Sikumuangalia."

"Juu ya nini?"

Nikamwambia kweli. Kwa sababu alikuwa amesimama mahali pa mwingine. Kwa sababu alivaa jezi isiyo yake. Nilidhani atanisifu. Nilidhani kati ya watu wote wa Kolwezi, huyu atanielewa.

Sijawahi kumwona amekasirika vile, si hata siku walipomtoa nyumbani.

"Ule mutoto njo alinifukuza mi?" akaniuliza. "Njo yee alibeba kitanda yangu? Mipira tano, yee peke yake pale nyuma, na hata muntu moja hakumuangalia?"

Alichukua kifuniko kimoja kati ya vile vinne, akakirudisha mahali pa golikipa, akakibonyeza kwa kidole kama anayetaka kishike.

"Jumapili yenye kuya, umuangalie. Muzuri. Halafu uniambie."

"Ndiyo, tata."

Treni iliondoka Alhamisi. Tulikuwa darasani tulipoisikia ikipiga honi, na mwalimu aliacha kuandika mpaka mlio ukapotea. Watu walisema walipanda mpaka juu ya mabehewa. Tulisikia pia kwamba wengi hawakufika, na nani walifika na nani walibaki njiani, sikumpata wa kuniambia mpaka leo. Nimewauliza madereva na wafanyabiashara wanaokwenda Kasai, nimeuliza mapadri. Watu wa pampu wa Kolwezi, wanasema, walikuwa wengi.

Baadaye pampu zenyewe zilinyamaza, na shimo likajaa maji ya kijani. King'ora hakilii tena. Mji mzima sasa unajua saa kwa simu. Uwanja upo, ule mlango mdogo umejengwa matofali. Wale wanane tumetawanyika, mmoja Sandoa, mwingine Zambia, na mkubwa wetu mwenye kelele ni marehemu. Barza ile imevunjwa, mahali pake pana duka la vifurushi vya simu. Nikipita naangalia upande mwingine, na najua sababu.

Lakini Jumapili ile nilikwenda. Nilimtazama tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha nikarudi mbio, na king'ora kilipolia nilikuwa nimesimama mbele ya barza ya jirani. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anapepea mbabula pale. Akaniuliza ninamtafuta nani. Nikasema hakuna. Kwa hiyo sijawahi kumwambia mtu, na nilichokiona nakiweka hapa kama kilivyokuwa, bila kuongeza. Alifunga kamba za viatu mara nne kabla ya kuanza. Alikunja na kukunjua mikono ya jezi mpaka mpira wa kwanza ulipomgusa, halafu akaiacha. Anapenda kuruka upande wa kushoto. Wenzake walipomfokea alirudi kwenye mstari wake. Wakati wa mapumziko alikunywa maji peke yake, akanigundua nyuma ya wavu, akaniinulia mkono. Alifungwa mawili. La kwanza halikuwa kosa lake.