Gari la Bwana Harusi Lilipochemsha

Wasomaji wenzangu, mnisamehe kwa mwandiko na kwa herufi nitakazokosea, nimeishia darasa la saba na naandika polepole, na jambo lenyewe ni la aibu hivyo mkono unazidi kuwa mzito. Mimi naziba pancha hapa Iguguno, kando ya barabara, na mbele za watu huwa sisemi sana.

Siku ya ndoa ya kaka yangu Shabani, mjomba alituazima gari lake la zamani nimpeleke bwana harusi kwa wakwe, Singida mjini. Nililipamba mwenyewe tangu asubuhi, maua ya karatasi kwenye vioo, na mbele nikafunga kitambaa chekundu kizito, nimekikunja mara mbili, kikafunika kuanzia taa hii hadi taa ile (lilipendeza, hilo sitajinyima). Sheikh alisema tufike saa nane, maana alikuwa na ndoa nyingine mbali, tukichelewa anaondoka.

Katikati ya safari gari likaanza kumisi, linavuta linaacha, linavuta linaacha, kama mtu mwenye kwikwi. Shangazi Hadija, aliyekaa nyuma, akaniuliza, "Rama, wewe si fundi?" Hapo ningesema mimi ni wa matairi tu, lakini niliona haya mbele ya kaka, nikajibu, "Ndiyo, shangazi. Ni plagi hizo."

Nikasimamisha gari, nikafungua boneti, nikachomoa waya zote nne za plagi kwa mpigo, nikafuta plagi kwa pindo la shati jipya, nikarudisha waya nilivyoona zinafaa. Kuwasha tu, gari likatikisika lote na bomba la moshi likalia paa! Shangazi akainama nyuma ya kiti. "Fundi gani huyu anatupiga risasi?" Nikasema ni uchafu unatoka (sijui maneno hayo niliyapata wapi), tukaenda hivyo hivyo, paa, paa, akina mama barabarani wakitupigia vigelegele wakidhani ni fataki za harusi, mpaka mshale wa joto ukapanda juu kabisa na mvuke ukafuka kwenye boneti. Tukasimama tena. Nikasema ni pampu ya maji. Baadaye kidogo nikasema ni gasketi.

"Rama," kaka akasema taratibu, "leo naoa au sioi?"

Jirani na tuliposimama kulikuwa na mama anauza kuku wa kienyeji kwenye tenga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akazunguka mbele ya gari akaangalia kile kitambaa changu.

"Mwanangu, mimi nikiwafunika kuku wangu gunia kwa jua hili, sokoni nafika na mizoga. Wewe gari umeliziba pua yote, upepo wa kupoza injini upite wapi?"

Nikakifungua kitambaa bila kumwangalia mtu. Gari lilipopoa akatupatia maji ya kuku wake, nikajaza rejeta, joto likaisha. Kumisi hakukuisha. Ikabidi nimpigie mjomba, na shangazi akaninyang'anya simu akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Ulipochomoa waya uliweka alama?"

"Hapana, mjomba."

"Na nani alikutuma uchomoe?"

"Ametuambia ni fundi!" shangazi akadakia.

"Fundi wa pancha huyo!" mjomba akasema. Yule mama wa kuku alicheka mpaka akakaa chini.

Mjomba akaniambia nibadilishe waya mbili za katikati, kaka akanishikia waya huku kanzu ameikunja kiunoni, na gari likanguruma vizuri kama halijawahi kuugua.

Tulimkuta sheikh anavaa viatu mlangoni. Kaka akapita mbio, akaketi, akapewa mkono wa baba mkwe, ndoa ikafungwa. Walipoachiana, kiganja cha mzee kilikuwa cheusi kwa girisi, na kwenye ukingo wa mkono wa kanzu yake nyeupe alama za vidole zilihesabika. Mzee akajiangalia, akasema, "Basi binti yangu hatalala njaa. Huyu mkono wake umezoea kazi." Watu wakacheka, kaka akaninyooshea kidole, na mimi nikatafuta pa kujificha nyuma ya pazia, nikakuta wamejaa watoto.

Tangu siku hiyo kitu nisichokijua nasema sikijui, mapema, gari likiwa bado baridi. Na wewe uliyewahi kuaibika barabarani, tafadhali niandikie. Nasoma polepole, lakini barua huwa naimaliza.