Nyungu ya Maji ya Majirani

Harufu ya mkaratusi na mchaichai vikichemka pamoja hunirudisha Chilangala, kwenye ua wa bibi yangu mzaa mama, msimu wa korosho, wakati visima vya maji ya mvua vimekauka na maji tunayafuata bondeni, tukiteremka kwa nyimbo na kupanda tukihema. Mwaka ule nilichaguliwa kuimba peke yangu kwenye sikukuu ya kanisa letu. Niliringa sana, sifichi. Sikukuu ilipokaribia, mafua yakanibana, sauti ikakauka kabisa, hata kilio changu hakikusikika.

"Huyu anataka nyungu," Bibi akasema. Mama Upendo, jirani yetu mwalimu, aliiita mafusho. Baba yangu akasema kuvukizwa. Walibishana kwa raha zao, kila mmoja na neno lake, ingawa wote walimaanisha jambo lile lile: chungu cha majani yanayotokota na mgonjwa chini ya blanketi akivuta mvuke. Tatizo lilikuwa maji. Mtungini mwetu yalibaki ya kunywa tu. Lakini kwetu kule juu, nyungu haikuwa ya nyumba moja. Habari zilipoenea, majirani wakaja, kila mmoja na bakuli la maji yaliyopandishwa mlima kichwani, wakayamimina chunguni. Mama Upendo alimimina ya mwisho, akanitazama.

"Usipoimba, mwanangu, utanirudishia maji yangu. Na bondeni utakwenda mwenyewe."

Nikafunikwa. Jasho likanitiririka mpaka miguuni, macho yakawasha, kifua kikafunguka taratibu. Asubuhi Bibi akarudia.

Siku yenyewe niliimba. Sauti ilikuwa nzito kidogo, lakini ilitoka, ikajaza kanisa mpaka mlangoni. Baada ya ibada majirani walinizunguka wakigombea sifa. "Pale alipopandisha juu kabisa, yale yalikuwa maji yangu," alisema Mama Upendo. "Na mimi mwenye chungu je?" Bibi akauliza, akicheka. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikijiona wa thamani kuliko gunia la korosho.

Leo naishi Masasi mjini, naongoza kwaya, na bomba liko jikoni. Binti yangu akibanwa na mafua namfukiza mwenyewe, mlango umefungwa, na hakuna jirani anayejua. Siutamani ule mteremko hata kidogo. Ila binti yangu anapoimba kanisani, sifa zote huniangukia mimi peke yangu, nami naziona chache.