Nyayo Zilizovuka Kijito

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba Bariadi, maksai wawili wa Jidayi waliibwa, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Jidayi, kamanda wa sungusungu aliyewahi kupigana vita ya Uganda, alifuata nyayo na vijana wake mpaka kwenye kijito, mpakani na kijiji cha jirani. Akasimama.

"Kamanda, umeogopa maji?" kijana Masalu alimtania. "Mbona Kampala ulifika?"

"Tulikuwa tumevamiwa. Tulipofika wenyeji walitushangilia, wakatupatia ndizi. Tulipozidi kukaa, mama aliyenipikia akaniuliza taratibu, 'Mwanangu, kwenu hawakungoji?' Tangu hapo chakula chake hakikunishuka."

Akapuliza filimbi mpaka sungusungu wa ng'ambo wakaja. Akawaonyesha nyayo, wakazipokea na kuzifuata wenyewe.

Jioni walirudisha maksai mmoja. Wa pili alikuwa ameshachinjwa.

"Mngevuka mapema mngewakuta wote wazima, baba Kulwa," mkewe Milembe alinung'unika.

"Huenda," Jidayi alisema.

Maksai mmoja havuti plau. Asubuhi mume na mke walishika majembe ya mkono, wakaingia shambani.