Udongo Kwenye Ulimi

Shangazi yangu hakuwahi kuosha kichwa cha mtu kabla ya kuuonja udongo. Alichovya kidole kwenye bakuli la mbao, akakilamba, kisha akatafuna taratibu kwa meno ya mbele huku akitazama dari. Ukilia mchanga menoni, aliuchekecha upya. Ukiwa na chumvi, aliurudisha kuloweka.

"Kichwa hakina mdomo," alisema. "Lazima mtu akionjee."

Alifanyia kazi katika chumba cha uani: benchi la kulalia, beseni, ndoo mbili, na kamba ya taulo iliyopita juu ya vichwa vyetu. Udongo wa kijivu aliuchimba mwenyewe ukingoni mwa kijito, akauanika, akautwanga, akauchuja kwa kipande cha shuka kuukuu. Aliuchanganya na ute wa mshubiri na maji ya uvuguvugu. Mwisho alisuuzia maji ya ndimu. Povu halikuwepo hata chembe, ndiyo maana majirani wakamwita Mama Povu. Akaliitikia jina mpaka likamkaa.

"Mama Povu, leo limeumuka?" muuza sabuni wa ng'ambo ya barabara alimtania kila asubuhi.

"Limeumuka, linakungoja. Njoo na hizo nywele zako tatu."

Nilipokuwa msichana, Jumamosi zangu zilipita mlangoni kwake. Chumba kilinukia kama vumbi linapoguswa na mvua ya kwanza, na ndimu kwa mbali. Wanawake waliingia wakisema sana. Wakilazwa benchini, wananyamaza. Ila kichwa chake yeye hakumwachia mtu. Alijiosha peke yake, komeo limefungwa. "Nyinyi mnaosha kichwa kama sufuria," alituambia.

Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Binti yake alimnunulia sabuni ya maji ya kila rangi, asiitake hata moja. Kichwa kikamwasha chini ya kilemba, akaona haya, akaanza kuwarudisha wageni mlangoni. Hata muuza sabuni, aliyekuja na machungwa, aliambiwa amelala.

Nilimkuta amegeukia ukutani.

"Shangazi, nimekuja kukuosha."

"Udongo nani kauonja?"

Nilimpelekea bakuli. Akachovya kidole cha kushoto, akalamba, akafumba macho.

"Sisikii kitu, mama," alisema. "Ni kama nimelamba kioo."

Nikachovya kidole changu, nikatafuna kama alivyokuwa akitafuna yeye.

"Mchanga umelia," alisema, macho bado kayafumba. "Nimeusikia kutoka hapa. Rudia."

Nikauchuja tena, nikaonja tena. Safari hii meno yangu hayakutoa sauti. Alisikiliza, kisha akaanza kukifungua kilemba mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Nywele zilikuwa chache, nyeupe, laini kama za mtoto. Nilipaka udongo kuanzia kisogoni kama nilivyomwona akipaka wengine, naye akanyamaza kama walivyonyamaza wao. Baadaye alilala usingizi mzito, nikaondoka bila kumwamsha. Habari za msiba wake zilinikuta kwangu, wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo neno lake la mwisho kwangu alilisema pale kwenye beseni, nilipodhani nimemaliza na nimeshika taulo.

"Suuza tena, mama. Nyuma ya masikio bado kuna udongo. Nisije nikaota majani."