Akka Aliyeimba Kwenye Karo

Nyinyi vijana mnaosoma haya, kwanza toeni hivyo vidude masikioni. Sitarudia. Mimi shule niliishia darasa la pili, naandika kama ninavyosema, na anayetaka kunisahihisha aje hapa Overport anisahihishe uso kwa uso.

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua dengu, mjukuu wangu Shamila akafungulia muziki kwenye simu. Ikaanza ngoma, likaja gitaa zito la chini, kisha sauti ya mwanamke. Sinia la dengu likanimwagika.

"Bibi, huyu wamemgundua juzi tu," Shamila akasema. "Mhindi wa hapahapa Durban, zamani za makaburu. Anachanganya jazi, soul na fanki. Ana santuri moja peke yake, watu wa ng'ambo wanaitafuta kama dhahabu. Wanasema hakuna anayejua kwa nini aliacha."

Mimi najua. Nimekaa na jambo hili miaka hamsini na ushee, leo nalitoa.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Chatsworth, sisi watu tunaoitwa Wazanzibari, ingawa marehemu baba yangu mahali pa mbali kabisa alipowahi kufika ni Pietermaritzburg, mji wa jirani tu. Serikali ilitung'oa kule Bluff ikatupanda katikati ya Wahindi, kila nyumba mbili zimegawana ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wetu walikaa Watamil: bibi mmoja mzee aliyeuza mboga sokoni mjini, mwanawe Mani wa kiwanda cha viatu, na mke wa Mani. Huyo mke nilimwita Akka, kwa lugha yao ni dada mkubwa.

Mama alikuwa kanitoa shule nimlee mdogo wangu, yeye akafanye kazi kwa Wazungu. Kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa uani na mtoto mgongoni, na Akka alikuwa upande wake wa ukuta mfupi wa uani, kwenye karo la saruji la kufulia, kunanukia sabuni ya mche na majani ya mchuzi.

Akka hakufua kama watu. Shati la mumewe alilipiga kwenye saruji, pa, akangoja, kisha pa-pa, pale ambapo hukutegemea, na sauti yake ikapita katikati ya mapigo hayo bila kugusa hata moja. Sauti nene, ina mchanga kidogo kwa chini, kama ya mtu aliyetoka kulia akaamua kucheka. Alianza kwa Kiingereza, akateleza kwenye Kitamil, akapanda juu huko nikasahau mtoto mgongoni ananikojolea. Shamila ana majina yake, jazi, sijui fanki. Sisi tulijua Akka anafua.

"Wee Zanzibari, nipigie ndoo!" aliniambia siku moja. Nikapiga. "Eish! Unapiga kama unafukuza kuku. Sikiliza kwanza, mkono uje baadaye."

Nikajifunza. Hakuna kitu kilichowahi kunipa raha kama kuipiga ile ndoo.

Santuri yake aliitoa kabla ya ndoa. Alipoolewa, mama mkwe aliweka sharti: mke wa mwanangu haimbi mbele ya wanaume. Mani alikubali kwa mdomo. Lakini wenzake Akka wa bendi hawakumwacha. Wiki moja akaniita karibu na ukuta, mikono ina povu, macho yanawaka.

"Jumamosi wanakuja kunichukua na gari. Siku tatu Johannesburg, natoa santuri ya pili. Mani anajua. Mama yake ataambiwa nimekwenda kwetu. Sina mwingine wa kumwambia, mdogo wangu. Usimwambie mtu."

Nikaapa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Yule bibi mzee mtaa mzima ulimwita Aya. Kwa Kitamil aya ni bibi, basi. Mimi hakuna aliyenieleza. Aya niliyoijua mimi ni ya madrasa, ya msahafu, huishiki bila udhu wala husemi uongo mbele yake. Nikaamini yule mama ni mtakatifu kiasi cha kupewa jina hilo. Nikimwona nilifunga ushungi vizuri na kuinamisha kichwa. Mama alidhani nina adabu.

Akka aliniambia nisimwambie mtu. Aya kwangu hakuwa mtu.

Alhamisi alasiri Aya akaniita ndani kwao, akanipa bajia za moto kwenye karatasi. Mani alikuwa mezani anakunywa chai. Akka alikuwa anasukuma roti, chapati zao, ametugeuzia mgongo.

"Mtoto," Aya akasema, "mimi nikienda sokoni, huyu anaimba?"

"Anaimba, Aya."

"Nyimbo za hekaluni?"

"Zaidi ya hizo!" nikasema, na kifua changu kimejaa. Nilikuwa namsifu, mnanielewa? Nilitaka wajue wana mtu gani humo ndani. "Ndiyo maana Jumamosi wanakuja kumchukua na gari, akaimbe Johannesburg."

Mti wa kusukumia roti ukasimama. Aya hakumtazama Akka hata kidogo. Alimtazama mwanawe.

"Mani. Ulijua?"

Mani akatazama ndani ya kikombe. "Hapana, Amma."

Akka akaendelea kusukuma. Nikamaliza bajia zangu.

Jumamosi gari lilikuja, likapiga honi mara tatu. Aya akatoka amevaa sari safi. "Hakuna mwimbaji hapa. Mmekosea nyumba." Wale wanaume wakakaa garini muda mrefu, wanatazama dirishani. Pazia halikutikisika. Wakaondoka.

Jumatatu Akka akafua. Pa. Pa. Pa. Sawasawa, kama mtu yeyote. Nikadhani amesahau, nikachukua ndoo nikampigia nimkumbushe. Akanyoosha mikono juu ya ukuta, akaninyang'anya ile ndoo taratibu, akaijaza maji, akanirudishia.

"Ndoo ni ya maji," akasema.

Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Afadhali angenipiga.

Maana ya aya nilielezwa nikiwa msichana mkubwa, na rafiki wa Kitamil. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni kulia. Wakati huo kina Akka walikuwa wameshahama. Nilipoolewa nilimtafuta Akka, nikafika nimechelewa, alikuwa amefariki. Nikamuuliza jirani yake kama aliimba-imba uzeeni. Yule mama akashangaa. "Yule? Hata hekaluni hakufungua mdomo."

Miaka mingi nilijihesabia kosa peke yangu. Sasa ni mzee kuliko Aya alivyokuwa siku ile, na naona ambacho wakati ule sikukiona. Aya hakuniuliza ili ajue. Mzee yule pua yake ilijua yote yaliyopikwa nyumbani kwake. Alitaka lisemwe, mbele ya mwanawe, na mdomo usio na hila. Lilipokuwa halijasemwa, Mani aliweza kuwa mume na mtoto kwa pamoja. Liliposemwa ilibidi achague, akachagua. Na mimi nilitumiwa kama kisu cha jikoni, nikarudishwa kwetu na mafuta ya bajia vidoleni.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani wote. Mwanangu Yusufu akamgeukia binti yake mdogo, Zuu, ana miaka saba, akamuuliza kwa sauti tamu: "Zuu, jana mama alikwenda wapi?" Mkwe wangu akaacha kutafuna. Mtoto akafungua mdomo, anafurahi kuulizwa.

Nilipiga meza mpaka chumvi ikaruka. Nikasema: "Zuu, kula. Yusufu, mkeo huyu hapa, ana masikio na ana mdomo, muulize yeye. Katika nyumba hii mtoto haulizwi habari za mtu mzima. Leo, kesho, na nikishazikwa."