Noeli Tuliyokula na Kina Zaina

Sisi tuliokulia Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, hatukuhitaji kalenda kujua kwamba Noeli inakaribia. Mvua ya Desemba iliteremka toka milimani, mihogo ikang'aa mashambani, na akina mama wakaanza kupaka kuta udongo mweupe. Watoto tulifanya mazoezi ya nyimbo ziwani tukioga, maji yakituingia mdomoni katikati ya Gloria. Nyumba nzima ilinukia mawese na ndagala, yaani dagaa, zilizoanikwa juani. Nguo mpya ilikuwa moja kwa mwaka, kitenge cha kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, na uliivaa mpaka ikubane kwapani. Wajukuu wangu leo wanabadilisha nguo kutwa wakipiga picha, kisha wanalalamika hawana cha kuvaa.

Pale mtaani kwetu, Songo, tulipakana na kina Zaina, ambao walikuwa Waislamu. Zaina alikuwa rafiki yangu wa kuruka kamba na kuchota maji. Mbuzi wetu wa Noeli, aliyetoka kwa mjomba huko Lubarika, alichinjwa na Baba Zaina ili nyumba zote mbili tule chungu kimoja. Mama Zaina alipika pilau, mama yangu bugali na sombe ya majani ya mihogo. Ikifika Idi, sisi ndio tuliohamia kwao. Sikujua kama kuna watu wanaoishi namna nyingine.

Kisha akaja katekista mpya, kijana mwenye sauti kubwa. Jumapili moja ya Majilio, watu walipokuwa bado wamesimama uwanjani baada ya misa, alitangaza kwamba Mkristo atakayekula nyama iliyochinjwa na Mwislamu siku ya Noeli asithubutu kusogea kwenye komunyo. Noeli, alisema, ni ya waliobatizwa.

Uwanja ulichafuka kwa maneno. Wengine walisema ana haki, dini si mchezo. Wengine wakauliza mbona samaki wa wavuvi Waislamu tunawala kila siku. Nilijua kwamba msikitini nako maneno yalikuwepo, maana Zaina alikuwa ameniambia wazee wanamwuliza baba yake anatafuta nini kwenye sikukuu ya watu wengine. Nilisimama pale nikiona kwamba wakubwa wanaweza kunitenga na Zaina bila hata kutuuliza.

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Baba alimshika mkono kumzuia, naye akautoa polepole na kusogea mbele, mdogo wangu akiwa mgongoni.

"Bwana katekista, minye niko na ulizo moja," alisema, kwa sauti ya chini hivi kwamba watu walinyamaza ili wamsikie. "Wakati nilizaa huyu mutoto, mto Mulongwe ulikuwa umejaa, nikashindwa kuvuka kwenda maternite. Mama Zaina ndiye alimupokea. Padiri alimubatiza bila kuuliza ni mikono ya nani ilimugusa ya kwanza. Sasa weye unasema chakula cha mikono ile iko kichafu?"

Katekista alijibu kwamba hakusema kichafu, alisema sheria ni sheria.

"Misa iko yetu, sikatai," mama akasema. "Mama Zaina haingie kule, na minye siingie musikitini. Lakini chakula iko cha majirani. Noeli nitakula naye. Na asubuhi ya siku ileile nitakuja kwenye komunyo. Kama ni kunifukuza, munifukuze mbele ya hawa batu wote."

Baba Zaina naye, tuliambiwa, aliwajibu wazee wake kwa maneno machache: "Siendi kusali kwao. Naenda kula kwa jirani."

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa mpaka nje. Kutoka mtaani kwetu mama alipanga foleni peke yake, wanawake wenzake wakiwa wamebaki kwenye mabenchi wakimwangalia. Padiri mzee alipomfikia alisita kidogo. Halafu akamwekea hostia ulimini kama alivyowafanyia wengine wote, akaendelea. Nyuma yangu nikasikia mabenchi yakilia: wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanainuka, mmoja baada ya mwingine.

Mchana ule kwetu palikosekana pa kukaa. Katekista hakuja. Lakini Idi iliyofuata alikuwa akipita na baiskeli yake, Baba Zaina akamwita karibu. Katekista alishuka, akaiegemeza baiskeli ukutani, akala, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Nimezeeka sasa, na bado nikimtaja mama yangu najikuta nimenyoosha mgongo. Mabishano yaleyale yamerudi, ila siku hizi yamo kwenye simu. Juzi mjukuu wangu alinisomea jinsi watu wanavyotukanana, eti Mwislamu aambiwe "Noeli njema" au asiambiwe, na eti Mkristo akubali sahani ya Idi au akatae. Yeye mwenyewe alikuwa amechangia, tena kwa ukali. Nikamwuliza yule Mwislamu aliyehamia nyumba ya pili anaitwa nani. Akakiri hajui.

Nikamwambia avae viatu, twende tukamwulize.